Shule ya Wifi Yangu

Saa nne asubuhi, jua likishavuka ukuta wa jirani na kutua uani kwetu, ndipo shule ilipokuwa inafunguliwa. Siisemi shule ya hapa Johannesburg. Hiyo ilikuwa imefunguliwa zamani, watoto wa watu wameshapita na mabegi yao, mitaa ya La Rochelle imetulia, na wenye vyumba wameanika blanketi kwenye kamba. Shule ninayoisema mimi iko Sierra Leone, ndani ndani huko, mbali na Freetown, ng'ambo ya mto ambao sijawahi kuuona. Ilikuwa inafunguliwa kwenye simu yangu, juu ya meza ya kukatia nguo.

Kwanza unasikia kuku. Halafu unasikia mbao zinagusa sakafu moja baada ya nyingine, tuk, tuk, tuk, watoto wanatua vigoda vyao. Halafu kimya kidogo, mtu anakohoa, na sauti ya wifi yangu inaingia taratibu, sauti nzito iliyopoa, kama ya mtu aliyeamka zamani akamaliza kazi zote. Anawasalimu. Wanaitikia kwa kuimba. Na binti yangu, aliyekaa kwenye kigoda chake chini ya meza yangu, miguu kwenye vipande vya vitambaa, anaitikia nao.

Mimi ni fundi cherahani, mzaliwa wa Tanga, na mdomo wangu hauna breki, muulize yeyote mtaani kwetu. Mume wangu ni mtu wa Sierra Leone. Tulikutana Fordsburg, mimi nimefuata uzi na vifungo, yeye anaunganisha makabati kwenye duka la fanicha. Kiswahili chake alikiokota humo humo, nusu kwa Watanzania nusu kwa Wakongo, ndiyo maana akiongea ni kama mtu aliyevaa viatu vya jozi mbili. Wifi ni dada yake wa tumbo moja. Na binti ni wetu, alikuwa na miaka saba, na mwaka ule alikuwa hana shule. Asipopata shule hapa, atapelekwa kule kwa shangazi yake. Hilo ndilo lililonikaa kooni tangu Januari, sikulimeza wala sikulitema.

Tulihamia La Rochelle mwisho wa mwaka, baada ya chumba cha Randburg kutushinda. Wallahi mimi nilidhani shule ni kama maji ya bomba, ukihama unafungulia mengine. Karani wa shule ya jirani alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani imemshuka puani. Alituambia gredi wani imejaa. Mume wangu hakuondoka dirishani. Akauliza, imejaa namna gani?

"Viti vimekwisha, baba," akasema yule mama. "Wengine tumewabananisha wawili kwenye dawati moja. Mwanao atakaa wapi?"

Basi uso wa mume wangu ukachangamka. Akamshukuru yule mama, akamshukuru tena, tukatoka. Njiani anapiga mluzi! Mimi namtazama tu. Nikajisemea moyoni, masikini, uchungu umempanda kichwani.

Kumbe mwenzangu yuko kwao. Kwao, kijijini alikosomea, hakuna mtoto anayekuta kiti shuleni. Kila mtoto anakwenda na kigoda chake kichwani alfajiri, na jioni anarudi nacho, maana usiku mama anakihitaji jikoni. Kigoda cha shule anakichonga baba. Ni jambo la baba, kama kwetu lilivyo jambo la bibi kumtia mtoto wanja siku ya arobaini. Paa la shule likianguka, akina baba wanabeba bati na misumari. Mwalimu akikosa mshahara, na hukosa miaka, akina mama wanambebea mchele, na siku moja kila wiki watu wanakwenda kumpalilia shamba. Kitu kikikosekana shuleni, kinatoka nyumbani kwa mtu. Kwa hiyo mtu akimwambia mume wangu viti vimekwisha, yeye anasikia kwamba amekubaliwa, alete kiti tu.

Akakitengeneza uani Jumamosi nzima, kwa mbao za kitanda kilichovunjika dukani kwao. Alikipiga msasa mpaka kikawa laini kama kijiko. Huku anatusimulia. Alipokuwa anasimulia shule yao alikuwa analainika, macho yanakwenda mbali, na hata mimi mwenye maneno mengi nilikuwa nanyamaza. Ukungu wa asubuhi, watoto kwenye njia nyembamba, kila mmoja na miguu mitatu ya mti inayochungulia angani juu ya kichwa chake. Ubao mmoja kwa madarasa matatu. Chaki zikiisha, wanasugua muhogo mkavu. Mvua ikinyesha kwenye bati, mwalimu ananyamaza, kwa sababu hasikiki, na watoto wote wanakaa kimya kuisikiliza, na hilo nalo lilikuwa somo. Binti yangu alikuwa anasikiliza mdomo wazi. Mimi niliona utapiamlo na kikohozi, yeye aliona bustani ya peponi.

Jumatatu tukatoka. Nilimvalisha sketi niliyoishona mwenyewe, maana Januari nzima nilikuwa napunguza sare za watoto wa wenzangu, mapindo mpaka vidole vimekufa ganzi, na wangu hana pa kuvaa yake. Baba yake akamtwisha kigoda, akamwonyesha namna ya kunyoosha shingo. Tukapita mbele ya saluni ya jirani yetu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mtu wa Mungu sana na mcheshi sana. Akatoka na kitana mkononi.

"Eh, dada! Munahama tena?"

"Hatuhami. Tunakwenda shule."

"Na meza, ataibeba nani?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Iko muzuri, iko muzuri, muende na Mungu."

Kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, madereva wa teksi wakatupigia honi. Binti akaniambia kwa Kiingereza chake, maana mimi namsemesha Kiswahili na yeye ananijibu kwa Kiingereza, ndivyo walivyo watoto waliozaliwa huku, kwamba watu wanatuangalia. Nikamwambia waangalie, macho hayana pazia.

Mlinzi alifungua geti anacheka. Karani alipotuona naye alicheka, akavua miwani akajifuta machozi, halafu akamtazama mtoto aliyesimama wima na kigoda kichwani, shingo imenyooka kama alivyofundishwa, na kicheko kikamkauka.

"Baba," akasema, "hata ungeleta kitanda. Jina lake halimo kwenye kompyuta. Nafasi haitoki kwangu, inatoka juu."

"Juu wapi? Nitakwenda."

"Hakuendeki, baba. Unangoja simu."

Mume wangu akakichukua kile kigoda kutoka kichwani kwa mtoto, akakishika kwa mikono miwili kifuani, asijue akiweke wapi. Mimi nilitaka kufungua mdomo, nimwage yote, lakini nimmwagie nani? Yule mama hakuwa na kosa. Mlinzi hakuwa na kosa. Hasira yangu ilikosa pa kukaa kama mtoto wangu. Wakati wa kurudi, kwenye ile robot, binti alichoka, akaomba kigoda chake, akakitua kando ya barabara, akakalia. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani. Watu wakampita huku na huku. Baba yake alisimama nyuma yake anatazama magari.

"Kwetu," akasema, "nilijua tunakosa nini. Nilikuwa nakibeba."

Kesho yake akasema binti aende kwa shangazi. Kule hakuna dawati lakini hakuna mtoto anayerudishwa mlangoni. Makubwa! Nikamwambia, wewe mwanaume, shule yenyewe mwalimu mmoja anafundisha madarasa matatu, watoto wamegeukia kuta tatu, unanipelekea mwanangu huko akajifunze nini? Akasema, mimi nilitoka humo. Nikamwambia, ulitoka humo ukaja kuunganisha makabati. Nilipolisema nikaona limemwingia, lakini lilikwisha toka. Alikwenda kumwagilia bustani ya mwenye nyumba, bustani ambayo hata si yetu.

Mama wa Bukavu alipolisikia, akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akaja kukaa nami uani. Yeye aliwahi kumrudisha wa kwake kwa bibi yake, apate adabu na Kifaransa.

"Alipata," akasema. "Adabu alipata, Kifaransa alipata. Alirudia hapa ananipigia goti kama mimi ni mama pasta. Mutoto wangu mwenyewe, dada. Anapiga goti, kisha anaangalia pembeni."

Mwisho tukapatana hivi: tungoje hadi shule zifungwe kwa ajili ya Pasaka. Simu ikija, binti anabaki. Isipokuja, kuna mfanyabiashara wa kwao, mtu wa kuaminika, wanasali msikiti mmoja Fordsburg, ambaye husafiri kila Pasaka na mke wake. Atakwenda nao. Nilikubali kwa ulimi, moyoni sikukubali. Nikawa naamka nalo, nalala nalo.

Ndipo wifi akasema mtoto asikae bure akingoja. Akaanza kutuletea shule.

Alikuwa anaiweka simu yake dirishani, anarekodi mwanzo wa siku na somo moja, halafu jioni anapanda kilima kinachopata mtandao, anatutumia. Mume wangu akaagiza tufungue saa nne, kwa sababu saa nne yetu ni saa mbili yao, wanapoingia darasani. Kwa hiyo shule tuliyokuwa tunaisikia ilikuwa ya jana. Kuku wale walikuwa wa jana, na yule mtoto aliyekohoa labda leo amepona. Nilikuwa nalifikiria hilo nikiwa napiga pindo, jua likinipasha mgongo, mkono unakwenda wenyewe, mpaka sijui tena kama niko leo au jana, La Rochelle au ng'ambo ya ule mto. Mara nyingine nikiinua macho niliona watoto na vigoda vyao wanapita juu ya ukuta wetu, mmoja mmoja, wanaelekea upande wa Rosettenville. Usingizi wa mchana huo, nikajipa jibu. Lakini nilikuwa nangoja wapite tena.

Jambo la kwanza kila siku ni kuita majina. Wifi hasomi popote, anayaita kwa kichwa, kuanzia mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Mtoto aliyepo anaitikia, "Prezenti, ma!" Na asiyekuwepo? Kwetu tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwao sivyo. Kwao jina la mtu haliachwi lianguke chini. Asiyekuwepo anaitikiwa na mwenzake anayekaa ubavuni kwake, na anasema kwa Kikrio, "I de kam, ma." Yaani anakuja, mwalimu. Awe mgonjwa, awe shambani, awe amekwenda na kaka zake kwenye mashimo ya dhahabu, watasema anakuja tu. Mume wangu alinieleza, na alipokuwa ananieleza sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Siku ya tatu au ya nne, katikati ya majina, tukasikia jina la binti yetu.

Chini ya meza kukawa kimya. Na kule pia kimya. Halafu ukaanza ubishi, mtoto mmoja anasema huyo hatumjui, mwingine anasema si ndiye yule wa Johannesburg, mtoto wa kaka yake mwalimu. Wifi akawaacha wabishane. Akaliita tena. Na darasa zima, madarasa yote matatu, yakaitikia kwa pamoja:

"I de kam, ma!"

Binti yangu alitoka chini ya meza mbio, akazunguka uani akipiga kelele. Mume wangu, siku hiyo alikuwa hakwenda kazini, akageuza uso. Mimi niliendelea kushona, na sindano ikapita pembeni ya kitambaa. Kwa sababu wao walikuwa wanafurahi, lakini mimi nilisikia nini? Nilisikia watoto wote wa kijiji kizima wananiambia mwanangu anakuja. Anakuja, anakuja. Kila siku ya Mungu, saa nne asubuhi, wananiambia anakuja.

Na hata hivyo nilikuwa nangoja saa nne ifike. Niseme ukweli. Nilikuwa naandaa kazi za mikono, vifungo na lupu, vile vitanzi vyake, ili cherahani isipige kelele. Nilimpenda wifi yangu kwa sauti. Alifundisha kusoma kwa kusimulia, akawageukia hawa, akawageukia wale, na unasikia sauti yake ikienda mbali na simu na kurudi, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba kubwa. Binti alikuwa anaandika kwenye kitambaa cheusi kwa chaki yangu ya fundi. Herufi zikapata miguu. Halafu anamrekodia shangazi anavyosoma, na keshokutwa yake tunasikia darasa zima likimpigia makofi, makofi ya jana, kwa ajili ya sauti ya juzi. Akaanza kuyaimba yale majina akiwa anaoga. Yote, kwa mpangilio, kuanzia mlangoni.

Lakini sikio la mama halilali. Kadiri siku zilivyokwenda, "prezenti" zikapungua. Palikuwa na mtoto mmoja wa sauti nyembamba karibu na dirisha, akatoweka wiki nzima. "I de kam, ma." Kaka wawili wa nyuma, "I de kam, ma." Ilikuwa kiangazi kwao, mto umeshuka, na kiangazi ndicho msimu wa dhahabu. Siku moja mtoto mmoja alikuwa anawaitikia wenzake watatu, kushoto, kulia na mbele yake, na sauti yake imechoka. Wifi hakukemea. Alisubiri kila jibu liishe, halafu akaita linalofuata.

Nikamtumia ujumbe wangu peke yangu, kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. Nikamuuliza, wifi, mwanangu akija kwako, atakuwaje? Akanijibu kutoka kilimani, upepo unapiga kwenye simu.

"Wifi," akasema, maana neno hilo nilimfundisha na alilipenda, "usimlete. Nampenda, ndiyo maana nasema usimlete. Serikali imesema elimu ni bure, na ni kweli, mtoto halipi. Lakini na mimi silipwi. Kila mwaka wanasema jina langu litaingia kwenye orodha ya mishahara, na kila mwaka linabaki nje. Watu wananipa mchele, na mwaka huu mchele wenyewe haupo. Sijui nitaweza mpaka lini. Mlete aje kunisalimia. Asije kusoma."

Nikamwekea mume wangu asikie. Akasikiliza hadi mwisho, akaomba nirudie. Halafu akasema dada yake anatuonea huruma tu, hataki kuwa mzigo. Nikamwambia, mtu aliye ndani ya nyumba anakwambia paa linavuja, wewe uliye nje unabisha? Akasema, kama hapa simu haiji, nimpeleke wapi basi mtoto? Tulikaa pale hatua chache kutoka shule yenye viti, madirisha na uwanja wa nyasi, kengele yake tunaisikia kila siku, na kwetu ilikuwa mbali kuliko ile ya ng'ambo ya mto.

Pasaka ikakaribia. Yule mfanyabiashara akaleta habari ya siku ya safari. Begi likanunuliwa, la rangi ya waridi. Kule darasani walishaambiwa, na sasa jina la binti likiitwa walikuwa wanaitikia kwa shangwe zaidi, wanagonga vigoda. Nilikuwa nakunja nguo zake, nazikunjua, nazikunja. Nilipunguza mwili. Mama wa Bukavu akawa ananiletea fufu, ugali wao wa muhogo, na kunikalia mpaka nile.

Simu ikaja siku ambayo sikuitegemea, nimeshika pasi. Ni yule karani, nikamjua kwa upole wake. Mtoto mmoja amehamia Durban na wazazi wake. Nafasi imetoka. Shule zikifunguliwa baada ya Pasaka, tumlete.

Nilipiga vigelegele mpaka mbwa wa mwenye nyumba akabweka. Mama wa Bukavu akaja na vigelegele vyake vya Kikongo, wateja wake wakaja na taulo kichwani, ikawa harusi isiyo na bwana harusi. Mume wangu aliporudi akasema Alhamdulillah, akaosha uso bombani muda mrefu. Begi la waridi likabaki, likawa la shule. Mtu pekee aliyelia ni binti mwenyewe.

"Sasa wakiniita?" akauliza, na safari hii aliuliza kwa Kiswahili. "Watasema nini?"

Nikamwambia watasema yale yale, wewe nenda tu. Wakubwa tuna majibu ya haraka.

Siku ya kwanza alitaka kwenda na kigoda. Baba yake akamwambia huko kipo cha chuma, kina jina lako. Kweli kilikuwepo. Karani alitupitisha mwenyewe mpaka darasani, akatuonyesha, na binti akakaa, miguu haifiki chini, akanipungia mkono mdogo wa siri. Nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara kama mwehu. Saa nne nikafungua simu kwa mazoea, nimsikilizie yeye, nimsimulie akirudi.

Hakukuwa na kitu. Kesho yake pia hakukuwa na kitu. Mume wangu akasema mvua zimeanza kwao, labda mtandao.

Ujumbe ulifika Ijumaa, na wifi hakusema neno ndani yake. Kuku wale wale. Mvua ya kwanza kwenye bati, ndogo. Halafu mbao zinagusana, lakini safari hii mlio ulikuwa unakwenda kinyume, vigoda vinainuliwa, na miguu ya watoto inatoka, mmoja mmoja, bila kukimbia. Ikaisha. Baadaye mume wangu alimpata kwa simu. Jina la wifi limebaki nje tena, na amekwenda mjini, anakaa kwa binamu yao, anauza samaki wa moshi sokoni. Shule imefungwa hadi atakapopatikana mwalimu. Watoto wameambiwa warudi na vigoda vyao nyumbani, maana havikuwa vya shule.

Hatukujua tumwambieje binti. Mwisho baba yake akamwambia kama ilivyo, alasiri ile, jua bado liko uani. Binti alikuwa amevaa sare yake, tai imekwenda upande. Hakulia. Akauliza swali moja.

"Sasa nani anawaita majina?"

Mume wangu akaniangalia mimi, mimi nikaangalia vitambaa vyangu.

Binti akaingia ndani. Akatoka na kigoda, akakiweka katikati ya ua. Hakukikalia. Akasimama mbele yake, mikono nyuma, kama nadhani alivyomwona shangazi yake bila kumwona, na akaita jina la kwanza, la mtoto wa mlangoni. Akangoja. Upepo ukapita kwenye kamba za nguo. Akaliita tena.

"I de kam, ma," akasema baba yake.

Akaita la pili. Akaita la tatu. Mama wa Bukavu alikuwa amesimama mlangoni kwake, nywele za mteja zimemganda vidoleni, naye akaitikia, "I de kam, ma," kwa lafudhi yake ya ziwani, bila kucheka. Basi tukawa tunapokezana. Yule wa sauti nyembamba wa dirishani. Wale kaka wawili. Yule aliyekuwa anawaitikia wenzake watatu. Wote aliwajua, hakuruka hata mmoja, hata wale ambao mimi nilikwisha wasahau.

Akafika katikati, mahali pa jina lake. Hapo akasimama. Nikaona shingo yake imenyooka kama siku ile ya kigoda. Akaliita jina lake mwenyewe, kwa sauti ile ile, na akangoja ajibiwe kama wenzake.

Mume wangu aliinamisha kichwa. Na mimi, niliyekuwa naliogopa jibu lile miezi yote, mimi mwenye mdomo usio na breki, nilitafuta lingine nikalikosa.

"I de kam, ma," nikasema.

Binti akatikisa kichwa kukubali, akaita linalofuata.